Mtani Si Shahidi

Kofi, mtani wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua ulikuwa unakisoma kwa kukisukuma kama gari lililozimika, lakini Kiingereza changu kimeshafanya madhara ya kutosha kwenu, na katika lugha yenu niliambulia salamu na matusi mawili, ambayo hayafai kumwandikia mtu aliye huko uliko. Kiswahili ndicho tulichogawana. Chako kilikuwa na mguu mmoja wa Newala, kwa sababu yangu, na mguu mwingine wa Bungoma, kwa sababu ya Wafula, kwa hiyo kilichechemea. Lakini kilifika kila ulikokituma.

Nianze na habari za kazini, ndizo nyepesi. Duka la njugu liko pale pale Najma, hapa Doha, na mashine ya kukaangia bado inakohoa kabla haijashika moto. Nafasi yako kapewa Mnepali mmoja, mtu mpole, anakaanga vizuri. Nasema hivyo kwa uchungu. Nilitegemea aunguze angalau gunia moja kwa heshima yako, lakini wapi.

Ramadhani imeingia. Unajua maana yake: Garangao inakaribia, ile siku watoto wa hapa wanapita nyumba kwa nyumba na mifuko yao shingoni wakipewa njugu na peremende, na sisi huku nyuma tunapakia mpaka vidole vinakuwa na chumvi yake yenyewe. Korosho zimefika juzi, kwenye yale maboksi yetu yaliyoandikwa Vietnam. Baada ya kufuturu nikafungua moja, nikatafuna, nikasema kwa sauti: "Hii ya Newala." Hakuna aliyenibishia. Mnepali akatabasamu, akaendelea kufunga maboksi.

Hapo ndipo nilipojua kweli umekufa. Jeneza nililiona, uwanja wa ndege nilifika, lakini siku zote hizo ilikuwa kama umekwenda likizo. Nilivyotafuna ile korosho bila mtu kuniambia "Mwongo, hiyo ya kwetu Wenchi, hata mafuta yake yanaongea Kitwi," nikaiona nafasi yako ilivyo.

Hivi unakumbuka siku uliyofika? Ulisimama mlangoni na sanduku lako, ukasema "My name is Kofi," na Wafula akacheka mpaka akakaa kitandani. "Ati Kofi! Huyu alizaliwa, mzazi akamzaba, akamwandikisha." Tukakueleza kofi ni nini kwetu. Ukacheka kwa adabu tu, kama mgeni anayekunywa chai isiyo na sukari. Kisha ukaniuliza langu. Juma. Maana yake? Ijumaa. Ukapiga meza, sufuria ya wali ikaruka. Kofi kwenu ni mtoto aliyezaliwa Ijumaa! Ijumaa mbili chumba kimoja, na Wafula, ambaye kwao walimpa jina la mvua, akitutazama katikati ya jangwa.

Ukasema kwenu mnalima korosho. Nikasema na kwetu. Basi amani ikaisha. Kuanzia siku ile kila boksi lililofunguliwa lilikuwa na kesi. Wewe uliniambia zenu zinatoka shambani zikiwa ghafi, zinapakiwa melini na maganda yake, zinakwenda Asia kubanguliwa, ndiyo zinakuja hapa zimevaa nguo nyeupe na jina la watu wengine. Nikakwambia zetu nyingi safari yao ni hiyo hiyo. Ukaishika moja mkononi, ukaitazama sana. "Juma, hii imepita nchi nyingi kuliko mimi, na hakuna aliyeiuliza viza." Tungecheka zaidi, lakini mudiri, meneja wetu, alikuwa anapita.

Mimi ndiye niliyekuletea utani. Hili nalisema waziwazi ili lisije likafanywa siri. Nilikueleza kwamba kwetu kuna makabila yanayotaniana: naweza kukutukana, nikachukua kuku wako, nikakwambia una sura ya kiatu, na huruhusiwi kununa. Nikakwambia kazi kubwa ya mtani iko msibani. Wenye msiba wanalia, mtani anachekesha. Anamwiga marehemu alivyotembea. Anamsema ubahili wake. Anaingia kaburini, anajilaza, anasema hatoki mpaka apewe chake. Na watu wanacheka huku machozi yanawatoka, maana bila hivyo kifo kingewala wote siku ile ile. Ulisikiliza vizuri, ukauliza: "Mshahara?" Nikasema hakuna. Ukasema: "Basi ni kazi kama hizi nyingine." Tukapeana mikono, Mghana na Mmakonde, watani rasmi. Nadhani hakuna babu wa upande wowote aliyeulizwa.

Na wewe ndiye uliyesema, unakoroga chumvi, hata hukunitazama: "Nikifa usije ukalia. Fanya kazi yako."

Nimeifanya, Kofi. Ndiyo maana naandika.

Nitakueleza taratibu, ingawa shamba ni lako na unalijua kuliko mimi. Ulinifundisha kwamba kwenu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume inaangaliwa na wajomba, ikashukia kwa watoto wa dada. Nikakwambia Wamakonde wa zamani nao ni hivyo hivyo, mjomba ndiye mwenye mtoto, baba anapita tu kama mvua. Ukafurahi, ukaona kumbe tumetoka tumbo moja. Lakini ulikuwa na mwiba hapo. Ardhi ilikuwa ya ukoo wenu, sawa. Mikorosho yenyewe nani aliipanda? Adwoa, mkeo. Yeye ndiye aliyefyeka pori, akachimba mashimo, akapanda viazi vikuu na mahindi katikati ya miche mpaka vivuli vilipokutana na mahindi yakakataa. Wewe ulipanda nusu, ukaja huku. Yeye akabaki na nusu yake na yako.

Wakati wa mapumziko ulikuwa unakaa juu ya gunia na simu, unazikuza picha alizokutumia, jani moja moja, kama daktari. Nikakushauri mwambie apulizie salfa. "Kwa ugonjwa gani?" Ubwiriunga, nikasema, ukungu mweupe, kwetu usipopuliza hupati kitu. Ukazima simu. "Juma, miti yangu haiujui ugonjwa huo. Usiifundishe."

Ulitaka kumpa Adwoa nusu ya shamba, yeye na binti. Mara ngapi ulinieleza taratibu? Kwenu mdomo mtupu hautoi shamba. Mtoaji anasimama mwenyewe mbele ya wazee, anataja anachotoa, na mpewaji anatoa kinywaji cha shukrani, wazee wanakinywa, basi imekwisha, hata mjomba akinuna amekwisha kunywa. Bila kinywaji hicho, zawadi ni pumzi. Ulikuwa umeshamchagulia Adwoa na chupa ya kutoa. Ukaomba likizo. Mudiri akakwambia baada ya Garangao, inshallah. Ikapita. Akakwambia baada ya Idi. Ikapita. Kisha mmoja wa Wamisri wa dukani akaondoka, tukawa wachache, ikawa bukra, bukra, kesho isiyofika. Hakukataa hata siku moja, ndiyo ustadi wake. Mtu akikukatalia unaweza kugombana naye. Utagombana vipi na inshallah?

Joto likaja. Ulishika kifua karibu na mashine, ukaniambia, "Juma, zima moto, zisiungue." Nikazima. Ni jambo la mwisho uliloniomba ambalo nililiweza. Hospitali walijitahidi, sina neno nao. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki na viatu vyako kwenye mfuko, najaribu kukumbuka kama kuna dua ya Wakristo ninayoijua, nikakumbuka moja ya Krismasi.

Wenu walikuweka mochwari mpaka jamaa wote walipokusanyika. Siku ya mazishi mjomba wako, Wofa kama ulivyokuwa ukimwita, akapiga simu, akasema ukoo unaomba rafiki wa Doha aseme neno. Tukaingia stoo, Wafula ameshika simu, mimi nimevaa shati la Idi kwa juu na suruali ya kazi kwa chini, maana chini hapaonekani. Kioo kikajaa watu wa nguo nyeusi na nyekundu, spika zinanguruma, na jeneza lako kwa mbali, limepambwa kuliko ulivyowahi kupambwa ukiwa hai. Palikuwa na mzee mwenye fimbo, kazi yake kuyachukua maneno ya mtu na kuyafikisha. Nikaona naam, wana utaratibu, hawa wataelewa.

Nikafanya kazi yangu, kwa Kiingereza changu hicho hicho. Nilisema Kofi alikuwa bahili, amekaanga korosho miaka yote na mimi hajanipa hata moja yenye chumvi. Nikauiga mwendo wako, ule wa bata aliyeitwa ofisini. Nikasema nilipomuuliza mkewe atapata nini kwenye mikorosho ile, alinijibu kwamba yote ni ya wajomba zake, Adwoa atapata moshi. Nikasema siruhusu azikwe mpaka na mimi nipewe mti mmoja.

Ule mchezo wa moshi ulikuwa wetu, unaujua. Ulikuwa unausema mwenyewe kila likizo ikiahirishwa, unacheka upande mmoja wa mdomo. Kwetu Newala, hapo wanawake wangeangua kicheko cha machozi, bibi mmoja angenirushia majivu, mwingine angeniambia toka hapo mlafi mkubwa. Kwenu, mzee wa fimbo akanyoosha mgongo, akasema maneno marefu kuliko yangu, tena bila kutabasamu, na wazee wakaitikia kwa pamoja, sauti nzito, kama mlango wa ghala unaofungwa. Mimi nikadhani wamefurahi! Nikamkonyeza Wafula. Wafula akaendelea kuishika simu mpaka ikakatika. Akasema, "Buda, hapo umechoma. Wale hawakuwa wanacheka. Wale walikuwa wanashukuru."

Msimu wenu ulipoanza ndipo Adwoa alipotuma sauti. Nimeisikiliza mara nyingi, hanitukani hata mahali pamoja, na hilo ndilo linalonivunja. "Ndugu yangu Juma, kwa nini uliyasema yale?" Akanieleza kwamba ukoo ulikaa, yeye akasimama na kusema kwamba ulimwahidi nusu, na ndugu zake wawili wakasema walikusikia kwa simu. Kisha Wofa akanyanyuka, akauliza tu: rafiki yake aliyelala naye chumba kimoja, asiye na shamba hapa wala mke hapa, alisema nini mbele ya maiti? Watu wote wakakumbuka. Hakuna aliyeuliza kama ulikuwa mzaha. Nani anafanya mzaha mbele ya maiti?

Sisi, Kofi. Sisi ndio tunaofanya. Tena tunaona ni heshima.

Nikampigia Wofa. Ningependa nikwambie ni mtu mbaya, ningelala vizuri. Aliniuliza afya yangu. Akaniuliza kama Ramadhani imekaribia, akasema kijijini kwenu Waislamu wapo na ni majirani wema. Ananiita mwanangu. Nikamweleza utani tangu mwanzo, kaburi, majivu, kuku, yote, nikatoka jasho. Akasikiliza bila kunikata. Akasema: "Kwa hiyo, mwanangu, nchini kwenu mnasema uongo kwenye mazishi?" Kwa hesabu zake jibu ni ndiyo. Akanipoza: "Usijisumbue. Ulisema vizuri. Neno la mbele ya maiti halirudi mdomoni." Na akaniambia shamba lile limewalea watu kabla ya Kofi na litawalea baada yake, na kama kila mwanaume akipanda miti juu ya ardhi ya mama zake na kumwachia mkewe, ukoo utabaki na makaburi tu. Mimi mwenyewe nikajikuta naitikia kwa kichwa. Mjomba wangu wa Newala angesema neno kwa neno.

Sikukoma. Unanijua. Nikajifunza Kiingereza cha kutosha, nikakipanga, nikarudia kwenye gari nikipeleka maboksi Al Wukair, nikiongea peke yangu kwenye mataa mpaka dereva wa pembeni akafunga kioo. Nikapiga tena. Nikasema: Mzee, Kofi alitaka kumpa mkewe nusu, aliniambia, naapa. Wofa akasema kwa upole ule ule: "Mtu akibadili neno lake, tunauliza amezungumza na nani." Alijua Adwoa amenitafuta. Kijiji ni kijiji.

Baada ya hapo mambo yakashuka. Mizani ya wanunuzi imewekwa uani kwa Wofa. Adwoa anaokota korosho chini ya miti aliyoipanda, anapewa fungu la kibarua. Na wakamwongeza hisani: mabibo yote, matunda yaliyong'olewa korosho, achukue. Yote! Kofi, kwenu mabibo yanaachwa yaoze, nzi wanayasherehekea. Ulinishangaa siku niliyokwambia kwetu tunayakamua tunapata uraka, na uraka unapata wanywaji, na wanywaji wanapata kesi. Sasa mkeo ana mlima wa mabibo ya njano na mekundu, hauziki, hauliki ukaisha, hauwezi hata kukaa mpaka kesho. Amenitumia picha. Binti yako ameshika mawili, moja kila mkono, anacheka.

Wafula anasema mahakama ipo. Ndugu zangu Wakenya wana imani na mahakama ambayo sijui wanaitoa wapi. Nikamuuliza Adwoa. Akasema sheria ipo kweli, na mjane anatajwa. Lakini ardhi ya ukoo nayo ipo, na mwanamke atakayewashitaki watu wote wa kijiji bado kesho yake ataamka, ataenda kisimani, atawakuta wamekaa. Na mtoto? Kwa hesabu zenu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwenye mikorosho ya baba yake ni mgeni.

Nikamwendea na mudiri. Nikasema nipe likizo niende Ghana, nikasimame mbele ya wale wazee kwa miguu yangu, wanione suruali. Akaniuliza marehemu alikuwa ndugu yangu? Nikasema mtani. Akauliza mtani ni nini kwa Kiarabu. Nikajitahidi. Alinitazama kwa huruma, yule mtu ana huruma zake, akasema, "Baada ya Garangao, inshallah."

Nilicheka, Kofi. Peke yangu, stoo. Kicheko chako kile cha upande mmoja.

Jana Adwoa akaleta sauti nyingine, fupi. Msimu ukiisha wazee watakaa mara ya mwisho. Kuna kipande kidogo chini kule kwenye kijito, miti yake bado michanga, mama mmoja wa ukoo wenu amemwonea huruma, amesema labda kile aachiwe alimie mtoto. Labda. Akaniambia: "Ndugu yangu, usimpigie tena Wofa. Usimpigie mtu yeyote. Kila unaponitetea kipande changu kinapungua. Kama unanitakia mema, nyamaza."

Unanijua mimi. Mimi wa kuongea na friji. Nimekaa na ile sauti tangu jana na sina pa kuipeleka, ndiyo nimekuja kwako, maana wewe peke yako ninaweza kukusemesha na shamba lisipungue.

Wewe unaweza kwenda nisikoweza. Wenu wanawaheshimu wafu, nimeona mwenyewe. Basi mpitie Wofa ndotoni. Usimtishe, ana presha. Kaa naye tu, mwambie yule Mmakonde alikuwa anacheza. Mwambie na chupa ya shukrani ulishaichagua. Kama huko nako kuna mudiri, na naye amekwambia inshallah, nitaelewa.

Kwaheri, Kofi. Nimekutania ulipokuwa hai, nikakutania jenezani, na leo nimeshindwa hata kukuita bata. Ahadi yangu ni hii, ichukue, maana hujawahi kuipata kwangu: sitampigia Wofa, sitamtetea Adwoa, sitasema neno lolote juu ya mikorosho ile mpaka wazee watakapokaa. Watu wa kwetu wakisikia mtani amenyamaza msibani watasema hakumpenda marehemu. Waache waseme.

Wako,
Juma